Barua ya wazi kwa wenye kikokotoo

Kwa Wizara yenye dhamana ya hifadhi ya jamii na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF).

Waheshimiwa, pongezi kwa kipaji adimu: kutajirisha na kufukarisha watu bila kugusa mifuko yao.

Safari hii anayewasumbua ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ni wa mfano tu, ila kanuni zinazomhusu ni zenu wenyewe. Amefungua kauntabuku apige hesabu ya utajiri wake. Upande mmoja kaandika kiwanja, nyumba iliyoishia kwenye linta na akiba ya SACCOS; upande wa pili, mkopo wa benki unaokatwa juu kwa juu kwenye mshahara. Mstari wa mwisho kaandika “pensheni”, kisha kalamu ikagoma. Anaomba mumjazie.

Anastaafu na miaka 60, akiwa ametumikia miezi 420, na mshahara wa kukokotolea ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa kanuni za zamani za PSPF, mfuko uliotangulia PSSSF, miezi iligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka: pensheni kamili ikawa milioni 11.2 kwa mwaka. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5, mwalimu akapokea mkupuo wa milioni 86.8, na kila mwezi 466,667. Kwa bei hiyo ya 15.5, pensheni yote ilikuwa mali ya milioni 173.6.

Ikaja Julai 1, 2022. Kigawanyo kikawa 580, kizidisho 12.5, mkupuo asilimia 33. Mali ileile sasa ni milioni 130.3. Milioni 43 zimetoweka, hakuna kufuli lililovunjwa wala jalada polisi.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Kanuni za kikokotoo za 2018 zilizua kelele hadi Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha, akaagiza vikokotoo vya zamani vitumike mpaka 2023. Kwa kalenda yenu, 2023 ilianza Julai 2022.

Mtajibu kwamba pensheni ya mwezi ilipanda. Kweli kabisa: ilifika 582,207, nyongeza ya 115,540. Mkupuo nao ulishuka hadi milioni 43. Ili nyongeza hiyo izibe pengo la mkupuo, mwalimu alihitaji miezi 379. Angekuwa na miaka 91.

Kilio kikasikika. Katika bajeti ya Juni 2024, Waziri wa Fedha wakati huo, Mwigulu Nchemba, alitangaza mkupuo wa asilimia 40 kwa walioshushwa kutoka 50. Mkupuo ukapanda hadi milioni 52.1, pensheni ya mwezi ikashuka hadi 521,379. Jumla? Milioni 130.3 zilezile, pesa imehama tu kutoka mfuko wa shati kwenda wa suruali. Na kwa hesabu hii mpya, pengo litazibika mwalimu akiwa na miaka 112. Huko ndiko kunakoitwa kusikilizwa.

Kwa haki, mifuko ilikuwa hoi. PSPF ilipoanza kukusanya michango Julai 1999, ilibebeshwa pia kulipia miaka ya utumishi ambayo haikuchangiwa, na mdaiwa wa miaka hiyo alikuwa Serikali. Mwalimu hakuwahi kukwepa mchango hata mwezi mmoja, kwani hukatwa kabla hajauona mshahara. Aliyechangia ndiye aliyepunguziwa.

Hivyo mnaombwa mambo mawili. Kwanza, taarifa ya michango ionyeshe kila mwaka pensheni iliyokwisha kulimbikizwa ina thamani gani kwa kikokotoo cha siku hiyo, kwa shilingi. Pili, kikokotoo kikibadilishwa, kianzie miezi ijayo. Miezi ambayo mtu ameshaitumikia ilipwe kwa kanuni iliyokuwapo alipoitumikia. Mkishindwa la pili, basi watangazieni watumishi mapema, ili asiwepo anayekopa au kujenga kwa kutegemea fedha ambayo bei yake mnaipanga nyinyi.