Sisi Hatutaki

Hayo ndiyo maneno ambayo ami yake bibi harusi, aliyeketi Muscat na kilemba chake kichwani, aliyasikia kinywani mwangu jana baada ya Isha, wazee wa pande zote mbili wakishuhudia. Nilikuwa msemaji wa posa. Nilisema, "Sisi hatutaki maneno mengi, tunamtaka binti yenu." Muscat yakafika mawili ya kwanza, kisha picha yangu ikaganda: mdomo wazi, jicho moja limefumba, kidole juu. Nami niliendelea kuusifu ukoo wao kwa ufasaha mkubwa, peke yangu. Niliporudi hewani, nilimkuta ami anavua miwani. "Kama hamtaki, shekhe, mlitupigia ya nini?"

Leo asubuhi mpwa wangu, ambaye ndiye mwenye posa, amenigeuza stika ya WhatsApp. Chini yake ameandika "Hatutaki". Jamaa wameshaitumia kukataa wali uliolala.

Kinachonichoma ni kwamba sikuwa kwenye waifai. Mjuzi yeyote wa mtaa atakwambia: jambo likiwa zito, achana na waifai, chomeka waya. Waya nilichomeka, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye tundu la ekstenda iliyoning'inia ukutani chumbani kwangu. Taa ya kijani ikawaka, kompyuta ikatangaza kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Haikusema uongo. Megabiti hizo zilikuwepo kweli, kutoka mezani hadi ukutani. Baada ya hapo kila mtu na Mola wake.

Maana ekstenda haina intaneti yake. Kazi yake ni kunasa mawimbi ya ruta na kuyatoa upya kwa walio mbali. Redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwenye masafa yale yale, kwa hiyo inafanya kazi kama mkalimani wa mkutano: husikiliza sentensi, kisha huisema tena, na hotuba ya saa moja huisha baada ya saa mbili. Aliyechomeka waya huipunguzia kazi hiyo ya kurudia, na hiyo ndiyo faida halisi ya lile tundu. Lakini safari ya kutoka ekstenda hadi ruta inabaki ya hewani, na jana hewa hiyo ilikuwa na foleni: vijana wetu wote walikuwa wameingia kwenye ekstenda hiyo hiyo, wakiirusha posa mbashara kwa watu ambao hakuna aliyewaalika.

Utamu wa mambo haya uko kwenye asili yake. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianzisha ALOHAnet, mtandao wa redio uliowawezesha watu wa visiwa vingine kuifikia kompyuta iliyokuwa Oahu bila waya. Kanuni yake ilikuwa ya kiungwana: ukiwa na ujumbe, utume; ukigongana na wa mwenzio, kila mmoja anyamaze kwa muda wa kubahatisha, kisha ajaribu tena. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, katika maabara ya Xerox PARC huko California, aliichukua kanuni hiyo, akaiboresha, akaitia ndani ya waya, na ethaneti ikazaliwa. Yaani waya ulifunzwa adabu na redio. Laiti ami naye angefunzwa! Tungegongana, tukanyamaza, tukarudia, na hakuna ambaye angevua miwani.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, za kuzuia jua na macho ya watu. Zinazuia pia mawimbi ya waifai ya gigahezi 5, na hata gigahezi 2.4, ambazo hupenya zaidi, hutokea upande wa pili zimechoka. Tangu 2009 kebo ya TEAMS imelala chini ya bahari kutoka hapa Mombasa hadi Fujairah, karibu kilomita 5,000. Sentensi yangu haikufa huko kwa papa. Ilifia ukumbini.

Na ruta iko mlangoni kwa sababu kijana wa kampuni aliyekuja kutuunganisha alikunywa chai, akala mahamri kwa mbaazi, kisha akatangaza kwamba mita za bure zimeishia pale. Nikamwambia hakuna anayeishi mlangoni. Akasema ipo ekstenda, anayo kwenye gari. Sasa piga hesabu. Waya wa ethaneti hubeba data mita 100. Kutoka mlangoni hadi mezani kwangu hazifiki 20. Waya huo, hata ukiongeza misumari na jasho la fundi, haufikii bei ya ekstenda. Kila mwezi nalipia kasi inayopimwa pale viatu vinapovuliwa, na nikipiga simu, sauti ya upole huniambia kwamba kwao kila kitu kiko sawa. Kwao, ndiyo. Wapo wazee mtaani humu wanaoamini kompyuta zao zimezeeka, na kijana yule yule anawauzia ekstenda ya pili.

Mengine madogo. Siku moja kompyuta ilikosa anwani kutoka kwa ruta, ikajipachika yenyewe inayoanza na 169.254, ikakaa nayo mchana kutwa bila kuongea na mtu. Jirani akipasha sambusa kwenye mikrowevu, gigahezi 2.4 huchanganyikiwa. Mama mkwe aliichomoa ekstenda kwenye soketi ili achaji simu.

Bi mwenye nyumba amekataa ukuta kutobolewa. Nyumba alirithi nzima, ataikabidhi nzima. Waya mrefu nimeupitisha dirishani, moja kwa moja hadi kwenye ruta, na hauna matata. Wewe unayengoja kuunganishwa wiki hii, mpokee fundi kwa bashasha, mwonyeshe chumba unachokitumia, na birika libaki jikoni mpaka waya ufike chumbani humo.