Vigelegele kwa Dereva, Bili kwa Bosi

Vijana wa kijiweni kwetu Tabora wanashikilia kwamba kuchoma tairi hakuidhuru pikipiki. Unabana breki ya mbele, unaingiza gia namba moja, unapiga resi, kisha unaachia klachi. Tairi la nyuma linazunguka palepale, moshi unapanda, akina dada wanapiga vigelegele. Kinacholika ni tairi tu, wanasema. Mchunguze anayesema hivyo: pikipiki si yake, yeye huleta hesabu jioni.

Yangu ilikwenda kusindikiza maharusi waliotaka picha Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ikarudi inasukumwa.

"Shikamoo bosi," dereva akaniamkia kwa adabu mpya kabisa. "Imegoma kidogo."

Hicho kidogo fundi alikitandaza juu ya gunia. Pleti za klachi zilikuwa nyeusi, zimekunjamana kama chapati zilizosahauliwa kikaangoni. Na kwa kuwa klachi ya pikipiki hizi huogelea katika oili ileile ya injini, unga wa pleti ulikuwa umeshatembelea kila chumba. Meno ya sproketi yamelika, na meno hayaliki siku moja. Kumbe harusi zilikuwa nyingi. Tairi, ile hasara pekee tuliyoahidiwa, lilikuwa zima! Mahali penyewe ni mchanga: gurudumu lilijichimbia likakwama, klachi ikaendelea kuteleza na kuungua. Moshi wa tairi haukuonekana. Bwana harusi aliambulia vumbi, suti nzima.

Injini nayo? Hizi zetu ndogo hupozwa na upepo wa mwendo. Ukisimama palepale ukipiga resi, upepo utautoa wapi? Mpiga picha hakuja na feni.

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapahapa hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi. Mbele yao alitangulia kirangozi, amevaa manyoya kichwani. Bwana yule alijua kujionyesha, lakini alijionyesha huku anakwenda. Angesimama chini ya mwembe akisugua nyayo mpaka zitoke damu ili ashangiliwe, pembe zisingeiona bahari.

Dereva bado anadai ni pleti feki.

Basi ndugu unayetaka kuikodi kwa harusi, karibu. Vigelegele ni bure. Pleti utanunua wewe, na unalipa kabla maharusi hawajapanda.