Ngeli za Mwanafunzi wa Ustawi wa Jamii: Utafiti wa Awali, Kivukoni hadi Kariakoo

Mmarekani David Kolb aliwagawa wanaojifunza katika mitindo minne mwaka 1984, na wahadhiri wa ustawi wa jamii wamekuwa wakiuchora mduara wake ubaoni tangu hapo. Sina ugomvi na Kolb. Ila mitindo minne ni michache kwa mtu aliyesimama kituo cha mwendokasi cha Kivukoni saa moja na nusu asubuhi, akawatazama wanafunzi wa fildi wakiteremka: huyu kakumbatia faili kifuani, yule anaulizia njia ya Kisutu, wa tatu kanunua muhogo wa kukaanga na bado hajaamua aelekee wapi. Kiswahili kina mpango wake wa kupanga viumbe na vitu, tena wengine tuliukariri kwa viboko: ngeli tisa. Nimeutumia huo.

Kuhusu sampuli niseme machache. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama ilianzishwa kwa Sheria Na. 26 ya mwaka 1973, lakini siku hizi vyuo vinavyofundisha fani hii ni vingi, na visa vya hapa chini nimevichanganya kama pilau ili asitokee mtu wa kudai nyama yake. Kimoja ni changu. Sitasema kipi.

Tuanze na nomino dhahania za U-, ambazo wanasarufi hawajakubaliana wazilaze chumba gani, nami sitawaamua. Mwanafunzi wa ngeli hii ametoka darasani na utu, usiri, uwezeshaji na ushirikishwaji, vyote vikiwa havina wingi wala havishikiki. Anazijua kwa moyo kanuni saba ambazo Felix Biestek, padri Mjesuiti, alizichapisha mwaka 1957. Ukimwamsha usiku wa manane atakutajia ya sita kabla hajafumbua macho. Tatizo ni kwamba Biestek hakuwahi kuona ofisi yenye meza nne, feni moja, foleni iliyoanzia mlangoni na muuza maji anayepita katikati. Mmoja wa ngeli hii aliandika kwenye ripoti yake: “Nilizingatia usiri kwa kupunguza sauti.” Mama aliyekuwa akihojiwa hakumsikia, basi akawa anajibu kwa kupaza. Foleni nzima ilijua jina la mwanamume anayedaiwa, anapofanyia kazi Kariakoo, na duka lenyewe.

Ngeli ya U-I haitatuchelewesha. Humo mna mpango, mkakati, mradi, mwongozo, mtaala na mkutano. Mwanafunzi wake hupatikana kwenye semina, karibu na chai.

I-ZI ndiyo yenye hatari, kwa sababu umoja na wingi wake havitofautiani kwa sura. “Wiki hii nimetembelea nyumba,” anaandika mwanafunzi, na hakuna msimamizi duniani awezaye kusema kama ni nyumba moja au kumi. Fomu, ripoti, nauli, posho, picha: zote za humo. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote katika ngeli hii ni kesi. Sikiliza korido ya ofisi yoyote ya ustawi. “Kesi yangu imefika?” “Imefika, imekaa kwenye benchi.” Iliyokaa kwenye benchi ni bibi wa miaka sitini na zaidi, ana mjukuu mgongoni na bahasha ya kaki mkononi, na ametoka nyumbani alfajiri. Aliingia mlangoni akiwa A-WA. Wino wa kalamu ulipogusa rejista akawa I-ZI.

Kuhama ngeli si jambo dogo. Katika vitabu vya fani, anayehudumiwa anaitwa mteja. Neno lina bahati mbaya. Ondoa ile M ya mbele unapata teja, na Dar es Salaam nzima inajua teja ni nani. Mteja amekaa, teja limekaa. Mtaa umemtoa mtu A-WA ukamtupa LI-YA kwa kumnyang'anya herufi moja tu. Kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kazi yake, ukiitazama kisarufi, ilikuwa kuirudisha M hiyo, kikombe kimoja kila siku, mbele ya macho ya mhudumu. Nimemwona mwanafunzi aliyekwenda kufanya mazoezi kwenye kazi za namna hiyo akisema “mateja” siku ya kwanza, “wateja” siku ya pili kwa kuwa alionywa, na kufikia wiki ya nne akawa anawataja kwa majina ya baba zao.

Humo humo LI-YA wamo wanaoishi kwa YA peke yake: malezi, maisha, maadili, matunzo. Matunzo hayana umoja. Sarufi imekataa kabisa. Sheria haikukataa. Kwa miongo mingi mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliwekewa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilikaa kitabuni hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipokifuta. Wakati huo shilingi mia haikutosha hata nauli ya mama kwenda mahakamani kuidai. Wapo wanafunzi waliofundishwa historia hiyo kama swali la mtihani lenye alama mbili. Ningeipa kumi.

Hapa nisimame kidogo kwenye KI-VI, maana ndipo wanasarufi walipowahi kutufundisha kazi yetu bila kujua. Wale wa zamani waliopanga nomino kwa viambishi vya mwanzo walimweka kipofu, kiziwi na kiwete chumba kimoja na kiti, kisu na kikapu. Kwa daftari walikuwa sahihi. Lakini fungua mdomo useme. Hakuna mtoto wa Kariakoo, hata awe mtukutu namna gani, atakayesema “kipofu kimefika” akiwa hana nia ya kutukana. Kipofu amefika. Kiziwi anakuita. Ndiyo maana waliokuja baadaye walipanga kwa upatanisho, wakawahamishia kwenye A-WA. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu wa kuona, na ni vizuri. Ila wakufunzi wanaotumia saa tatu na projekta kufundisha kwamba mteja ni mtu kwanza wangeweza kuanza na kitenzi hicho, wakabakiwa na muda wa chai.

Sasa PA-MU-KU. Mahali penyewe pa utafiti huu ni pa ngeli hii: Kivukoni, penye kivuko. Ajabu ni kwamba Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961 kwa kutazama mfano wa Ruskin College ya Oxford, na ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, hakiko Kivukoni. Ukitaka kukiona unapanda pantoni kwenda Kigamboni. Naona huo ndio ufupisho bora wa ufundishaji wetu: jina liko ng'ambo hii, darasa ng'ambo ile, na katikati kuna maji yanayohitaji nauli.

Tulifundishwa kuwa KU ni mahali pasipo dhahiri, PA ni mahali hasa, MU ni ndani. Darasa huzungumza kwa KU: huko kwenye jamii, kule uswahilini. Mwanafunzi mmoja alipewa kusaidia kuandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii ya kijana aliyekuwa na shauri kwenye Mahakama ya Watoto, Kisutu. Rasimu yake ilisema mtoto anaishi “huko Buguruni katika mazingira magumu”. Msimamizi akairudisha: “Hapo ni wapi?” Akaenda, akarudi na PA: nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bati la bluu. “Na mle mna nini?” Safari ya tatu ndiyo alikaribishwa ndani. Chumba kimoja, pazia la kanga katikati, kitanda kimenyanyuliwa kwa matofali, ndoo tatu na moja imefunikwa sahani. Ukutani, kwenye msumari, sare ya shule iliyopigwa pasi, mikunjo ya suruali bado mikali. Kijana alikuwa hajaonekana shuleni tangu muhula uanze. Mama alikuwa anaipiga pasi kila Jumapili jioni. Fomu ilikuwa na kisanduku cha aina ya paa na kisanduku cha chanzo cha maji. Pasi haikuwa na pa kukaa. Mwanafunzi aliiandika pembeni kwa mkono, herufi ndogo, akipanda ukingo wa karatasi.

Ngeli za U-ZI na U-YA sina vielelezo vya kutosha. Niliyekuwa naye alihamia uhasibu baada ya kuwaona wenzake wa Mtaa wa Shaaban Robert wakitoka Chuo cha Usimamizi wa Fedha na mashati yasiyo na jasho.

Imebaki KU ya vitenzi-jina: kuuliza, kusikia, kukaa. Asubuhi moja soko la samaki la Feri, mwanafunzi alichuchumaa mbele ya mvulana anayepara samaki, magamba yamemganda hadi viwikoni. Akafungua daftari, akauliza alivyofundishwa: “Unajisikiaje kuhusu hali yako?” Mvulana akamtazama, akatazama ndoo. “Nasikia njaa.” Daftarini ikaandikwa: “Mteja ana ugumu wa kutambua hisia zake.”

Mwenzake, wiki hiyo hiyo, alipewa mama aliyekuja kwa ajili ya baba aliyetoweka. Mama hakusema neno. Alilia mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, akafuta uso kwa ncha ya mtandio, akaomba barua ya wito, akaondoka. Kwenye logibuku, ukurasa wa siku hiyo una sentensi moja: “Amelia, nikakaa naye.” Alipata alama nne kati ya kumi. Pembeni, kwa wino mwekundu: “Nadharia iko wapi?”