Mimi, Mtu wa Lazima

Mwaka wa kumi na sita huu naibeba kanuni ya kikundi chetu cha taarabu. Kanuni ile ya nyuzi, si ile ya serikali. Ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na kila uzi una kigingi chake na inda zake. Mpigaji anapoingia ukumbini na kanzu iliyopigwa pasi, mimi nimeshakaa saa nzima, ufunguo mkononi na sikio juu ya mbao, napatanisha nyuzi kama mtu anayepatanisha wake wenza. Watu hupita hapo wakaniuliza jambo moja tu: "We, sukari ya chai iko wapi?"

Sasa tumealikwa Marekani, na ndipo nilipokutana na kanuni ya pili.

Kumbe viza za huko zina namba kama daladala zetu za Unguja. Ukipanda 505 unakwenda Uwanja wa Ndege, ukipanda 502 unakwenda Bububu, usilaumu. Timu na bendi zenye jina duniani zina P-1. Wenye sanaa ya asili yao, kama sisi, P-3. Halafu kuna watu wa nyuma ya pazia: kocha wa timu, fundi wa sauti, mimi. Sisi tunabandikwa herufi S mwishoni, kama mkia. Mimi ni P-3S.

Mkia una gharama zake. Waimbaji na wapigaji wanaingia pamoja kwenye ombi moja. Mimi naombewa kando, kwa ada ya kando. Na ada ya maombi ya P ilipanda Aprili 2024 kutoka dola 460 hadi 1,015, ingawa mashirika madogo na yasiyo ya faida yamepunguziwa. Wanaolipa ni wenyeji wetu, lakini Maalim, kiongozi wa kikundi chetu, alivyonitazama, ungedhani nimezila mimi.

Ada si kitu. Balaa ni ushahidi. Lazima iandikwe barua ya kueleza kwa nini mimi ni wa lazima, nina ujuzi gani, nimefanya kazi na wasanii hawa kwa muda gani, na kwa nini asitafutwe Mmarekani wa kuifanya. Tena chama cha wafanyakazi cha huko nacho kinatakiwa kitoe maoni. Watu hawajapata kuniona hata siku moja, waseme kama nafaa! Hapa mtaani wananijua tangu nakimbia pekupeku na bado hawajaafikiana.

Nawaelewa, lakini. Wasipouliza, kila mwimbaji atatua na wabeba mkoba kumi na wawili, wote watoto wa shangazi yake.

Basi Maalim akaniita barazani, kalamu mkononi. "Haya, sema unafanya nini."

Nikamtajia: napatanisha kanuni, naibeba, namchemshia mwimbaji chai ya tangawizi, natunza sukari, na najua nani hasemi na nani ili wasikalishwe kiti kwa kiti.

Akafuta chai. "Mmarekani hajui kuchemsha maji?" Akafuta sukari. Akafuta kubeba. Ya ugomvi akaifuta haraka zaidi, maana mmoja wao ni yeye. Ikabaki kupatanisha nyuzi.

"Na hilo pia," akasema, "kule wapo mafundi wa piano."

"Maalim, piano haijui robo ya sauti. Na mbao hii imezoea hewa ya bahari. Ukiiingiza kwenye ukumbi mkavu wa nchi ya baridi, sauti zote zinakimbia. Nani atakwenda kuzirudisha?"

Akanyamaza, akaandika. Alipomaliza akanipa nisome: bila mtu huyu, onyesho haliwezi kufanyika.

Nikasoma mara tatu. Miaka kumi na sita sijapata kuambiwa hata "ahsante, bwana".

Nikaomba nakala nikakimbia nayo nyumbani. Mke wangu akavaa miwani, akasoma polepole, akauliza, "Baba Salma, huyu anayesemwa humu ni nani?" Nikamweleza kwamba mke wa mtu kama mimi naye ana viza yake, P-4, ila haruhusiwi kufanya kazi. Akavua miwani. "Nchi nzima hairuhusu nifanye kazi? Naijaza wapi fomu hiyo?"

Kesho yake nikamrudia Maalim. Nikamwambia kwa adabu: kama bila mimi onyesho halifanyiki, basi na posho yangu ipande kidogo ifanane na barua.

"Barua ile ni ya Wamarekani," akanijibu. "Ikivuka kurudi Unguja, haina nguvu."

Usiku ule tulikuwa na harusi. Nimekaa chini na ufunguo wangu, uzi wa arubaini na kitu, mara nikasikia viatu vya Maalim nyuma yangu.

"Mtu wa lazima," akaniita, "sukari iko wapi?"

Iko kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wa kanuni, chini ya nyuzi za akiba. Kikundi chote kilikuwa kinaitafuta, vikombe mkononi, na mwimbaji amegoma kupanda jukwaani bila chai.

Na hilo ndilo alilolifuta.