Taabu Inayopiga Mluzi

Siku niliyoamua kuifunga turbo Starlet yangu nilikuwa nimepitwa na bajaji. Wala haikuwa bajaji tupu. Ilikuwa na dereva, mama mmoja, na friji limefungwa kamba kwa nyuma, tunapandisha kutoka Ubungo kwenda Kimara, mimi nimekanyaga mafuta mpaka dole gumba la mguu linauma. Yule mama aligeuka akaniangalia. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe.

Starlet yangu ni namba B, na anayeyajua magari ya Dar hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Injini yake ni 4E-FE, CC 1,331, na farasi wake hawazidi mia hata wakihesabiwa na waliokufa. Ila ana ndugu wa tumbo moja anayeitwa 4E-FTE. CC zilezile, lakini huyo Toyota walimfunga turbo tangu kiwandani, akatoka na farasi 135. Tofauti ni herufi T tu. Nilidhani herufi moja haiwezi kuwa ghali.

Usiku ule nilimweleza mke wangu.

"Mama Nasra, kumbe moshi wa gari ni mali."

"Kama ni mali mbona hatuuzi?"

Nikamfafanulia. Moshi ukitoka kwenye injini unazungusha feni moja. Feni hiyo imeungwa kwa shafti na feni ya pili, na ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia kwenye silinda. Hewa ikizidi, petroli inaongezwa, nguvu inaongezeka. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, alilisajili wazo hili mwaka 1905, kwa hiyo wala si mambo ya vijana wa vijiweni.

"Kinaitwaje hicho kitu?"

"Tabo."

"Taabu?"

"Tabo!"

"Ndiyo hiyohiyo," akasema, akageukia ukutani.

Fundi wangu naye hakufurahi. Huyu bwana huniita "kaka" siku za kawaida na "bosi" siku ya malipo, na siku hiyo aliniita kaka mara tatu mfululizo kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Akasema kaka, injini yako imebana mno. Yako inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 9.6, ya ndugu yake mara 8.2 tu, na kiwanda hakikupunguza kwa bahati mbaya. Ukiishindilia hewa ya turbo juu ya mbano ule, petroli inajilipukia yenyewe kabla plagi haijasema kitu. Injini inanoki, pistoni inatoboka kama chapati iliyosahaulika jikoni. Ushauri wake ulikuwa ninunue 4E-FTE nzima iliyotumika Japani, na turbo yake, nozo zake na kontroli boksi yake. "Chukua familia nzima, kaka. Ukioa kipande kipande mashemeji hawataelewana."

Nikamletea historia. Nikamwambia mwaka 1962 Wamarekani walitoa Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa na turbo, na mbano wake ulikuwa 10.25, mkubwa kuliko wangu! Waliweka kitangi cha maji yaliyochanganywa na methanoli, injini ikawa inapozwa nayo isinoki.

"Ikawaje?"

Ikabidi niseme ukweli. Wenye magari walisahau kujaza kitangi, na mwaka uliofuata Jetfire ikafa.

"Na wewe ambaye hata maji ya waipa hujazi?"

Basi tukakubaliana nusu. Pistoni zitakuwa za FTE, mbano ushuke. Lakini vipuri nitachagua mwenyewe, kimoja kimoja, kwa akili yangu. Pistoni, ringi, hedi gasketi ya chuma ya tabaka tabaka, nozo na kontroli boksi vilipatikana bila kisa cha kusimulia, ukiacha kwamba kila kimoja kilikuwa "cha mwisho, bosi, ukitoka hapa hukikuti." Hesabu ya jumla sikuiandika popote, kwa sababu Mama Nasra anajua kusoma.

Ikabaki turbo yenyewe.

Nilikwenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, nikiwa nimebeba elimu ya wiki mbili. Niliyokuwa nimeishika kwa nguvu zote ni hii: shafti ikicheza, usinunue. Inaeleweka. Shafti ile inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoizungusha unaweza kufika nyuzi 900. Kitu cha namna hiyo kikilegea ni maafa. Nikajiona nimemaliza chuo.

Duka la kwanza lilikuwa la mzee mmoja, limejaa vyuma mpaka yeye mwenyewe anakaa nje.

"Shikamoo mzee wangu. Natafuta turbo ya Starlet."

"Marahaba. Ipo, laki tatu na nusu." Akaingiza mkono kwenye kiroba cha sulfeti, akatoa CT9, ileile iliyofungwa kwenye Starlet za turbo. Nyeusi, ina kutu upande wa moshi, inanuka oili ya zamani. Nikaishika shafti kwa vidole viwili nikaitikisa kushoto na kulia. Ikacheza! Kidogo, lakini ikacheza, kakaka, kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Mzee, hii imechoka."

Akaniangalia kwa muda. "Umeitikisa upande gani?"

Sikujibu swali la kitoto namna hiyo. Nikamrudishia, nikaaga kwa adabu, nikavuka barabara.

Upande wa pili kulikuwa na kijana mwenye duka lenye kiyoyozi na taa. Hapo turbo ilitoka kwenye boksi, ndani ya boksi kuna sponji, ndani ya sponji kuna nailoni, na ndani ya nailoni chuma kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikatikisa shafti. Kimya. Haichezi hata punje.

"Oji hiyo, bosi wangu," akasema. "Gerenti mwezi mmoja. Na stika nakupa bure."

Juu ya boksi paliandikwa kwa dhahabu GENIUNE PARTS. Niliiona. Naomba ieleweke kwamba niliiona. Nikajiambia huenda Mjapani ana Kiingereza chake. Nikalipa 420,000 na stika nikaibandika palepale kwenye kioo cha nyuma, kabla turbo haijafungwa.

Kufunga kulichukua siku mbili. Turbo hunywa oili kupitia tundu dogo juu, na oili ikishalainisha inateremka chini kurudi kwenye sampo. Inateremka kwa uzito wake tu. Hakuna pampu ya kuisukuma. Mpira wetu wa kurudishia ulikuwa mrefu, ukawa umezunguka chini ya manifoldi na kupanda kidogo kabla ya kushuka. "Itajua njia," fundi akasema. Na mimi, kwa kuogopa kuvuja, nilichukua ile silikoni nyekundu nikapaka kwenye unganisho la tundu la juu. Fundi alipaka kidogo. Alipokwenda kunywa chai nikaongeza.

Tukawasha. Dakika ya kwanza nilisikia mluzi, fiiiii, mwembamba, nikahisi machozi. Nikaliingiza gari mtaani.

Dakika ya tano ukatoka moshi. Si moshi wa kawaida wa gari la namba B. Huu ulikuwa wa buluu, mzito, unatembea chini chini na kuingia madirishani. Oili iliyoshindwa kupanda ule mlima wa mpira ilikuwa imejaa kwenye turbo, ikapita kwenye sili na kumwagikia bomba la moshi. Watoto wakaanza kunikimbilia nyuma wakishangilia. Jirani mmoja akafunika sufuria. Mwingine akatoa magodoro nje, kwa sababu alidhani tunapulizia mbu na alitaka dawa iingie vizuri. Mjumbe akatoka na msuli wake, akanisimamisha, akaniuliza kwa upole mbona manispaa haikumpa taarifa.

Sikuwa na jibu, na turbo haikuningoja nilipate. Mluzi ulipanda ukawa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia, kisha krrr, kisha kimya. Gari ikarudi kuwa Starlet.

Pale gereji fundi aliifungua juu ya kipande cha boksi. Feni ya hewa ilikuwa imetafunwa ncha zote, na vipande vyake tulivikuta kwenye paipu vinameta kama magamba ya dagaa. Shafti imekatika, na palipokatika chuma kimegeuka rangi, zambarau ikiingia kwenye buluu, kama petroli iliyomwagika kwenye dimbwi. Hiyo ni rangi ya chuma kilichozunguka bila oili. Fundi akachukua spoki ya baiskeli, akaichokonoa kwenye tundu la juu, akavuta taratibu. Ikatoka kamba nyekundu, laini, urefu wa nusu kidole.

"Hii ya nani, kaka?"

Nilitazama pembeni, kwenye mti.

Kwa hiyo mpaka leo sijui nimlaumu nani kwa uhakika. Chuma kilikuwa feki, mpira ulipanda mlima, na silikoni ilikuwa yangu. Hata turbo ya kweli isingepona mikononi mwetu siku ile. Ila ya kweli labda ingekufa kwa heshima. Kijana wa duka la kiyoyozi aliniuliza swali moja tu: "Ulipaka silikoni, bosi?" Nikasita. "Basi. Na hata usingepaka, gerenti yetu inaishia hapo mlangoni."

Nikavuka barabara. Mzee alikuwa amekaa palepale, na ile CT9 ipo miguuni kwake, amekandamizia gazeti lisipeperuke.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Ya ng'ambo imekwishaje?"

Hakungoja nijibu. Akachukua kikopo, akadondosha matone manne ya oili safi kwenye tundu la juu, akazungusha shafti kwa kidole, akanipa. "Tikisa kama siku ile." Nikatikisa kushoto na kulia. Lile jino la mtoto lilikuwa limekaa. Bado kulikuwa na mwendo, lakini laini, kama kijiko ndani ya asali. Akanieleza kwamba shafti ya turbo hii haikai juu ya chuma, inaelea juu ya oili, na lazima iachiwe nafasi ya oili hiyo kupita. Ikiwa kavu itacheza pembeni, na hapo muhimu ni feni isiguse ukuta. "Sasa sukuma ndani, vuta nje." Nikasukuma, nikavuta. Haikwenda popote. "Ingecheza huko, hata mimi nisingekuuzia. Ile ya boksi ilibana kwa sababu hawakuiachia nafasi ya kunywa."

"Bei ileile, mzee? Laki tatu na nusu?"

"Ile ilikuwa bei ya siku ile."

Nikalipa laki nne. Akanipa na masharti bure: silikoni usiipeleke karibu na njia ya oili, kata gasketi, mpira wa kurudi unyooke chini kama kamba ya ndoo kisimani, na kabla ya kuwasha, toa plagi, piga stata mpaka uione oili inatoka chini ya turbo kwa macho yako. Fundi alipoyasikia akasema ndivyo alivyokuwa akisema siku zote. Sikubishana, ilikuwa siku ya malipo.

Gari inakwenda sasa. Kimara nimepandisha, na bajaji nimeipita, ingawa haikuwa ileile na haikubeba friji. Mita mia tatu mbele kulikuwa na trafiki na tochi yake, sehemu ya kilomita 50 kwa saa, nikaandikiwa 30,000. Farasi 135 na barabara ya 50. Hesabu hiyo nayo sijaiandika.

Lakini shida niliyobaki nayo sikuisoma popote. Mzee aliniambia nikitoka mwendo mkali nisizime ghafla. Niiache injini ingurume dakika mbili, oili ipite, turbo ipoe. Basi kila usiku nafika nyumbani, nafunga geti, narudi garini, taa nimezima, nimeinamia simu kuhesabu dakika. Wiki ya kwanza Mama Nasra alichungulia dirishani. Wiki ya pili aliuliza kwa sauti ya chini naongea na nani.

"Napoza tabo."

"Ana jina, basi."

Siku hizi akisikia mluzi unakata kona, anatoka na kanga yake mabegani, anafungua mlango wa mbele, anakaa. Hasemi kitu. Tunaiangalia simu wote wawili mpaka dakika mbili zinaisha, kisha yeye ndiye anayezima ufunguo.