Nani Kampa B.B. King Saba?

Wapenda bluzi wa mji huu ni wachache mno. Ukitupakia wote kwenye daladala, konda ataendelea kuita abiria. Uchache huo haujatuzuia kuwa na Mwenyekiti, Katibu na Mtunza Hazina. Hazina yenyewe ni bakuli la michango ya bagia na kahawa, lakini inakaguliwa. Mpe Mtanzania watu watatu na viti vya plastiki, atakuletea ajenda, yatokanayo na mengineyo. Mimi nimo humo kama mjumbe wa kawaida, yaani yule ambaye sebule yake hutumika na maoni yake hayatumiki.

Kazi ya kundi ni moja tu: kukaa, kusikiliza albamu ya gitaa la bluzi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha kuipa alama. Kukaa sina neno nako. Kusikiliza napenda. Kinachonichosha ni hizo alama. Mtunza Hazina, ambaye mchana ni mhasibu na usiku ni mhasibu vilevile, ametengeneza fomu yenye vipengele vitano: gitaa, sauti, bendi, ubora wa kurekodi, na cha tano amekiita "mvuto kwa ujumla". Kila kipengele alama mbili. Nusu alama inaruhusiwa, robo inahitaji maelezo ya maandishi. Mtu anaimba uchungu wa kuachwa, wewe umeinama chini ya meza unatafuta kalamu iliyodondoka.

Mara hii zamu ilikuwa ya *Live at the Regal* ya B.B. King. Kwa ambaye hajakutana nayo: tarehe 21 Novemba 1964, King alipanda jukwaani Regal Theater, ukumbi mashuhuri wa watu weusi upande wa kusini wa Chicago, mitambo ya kurekodi ikiwa imewashwa. Mwaka uliofuata kampuni ya ABC-Paramount ikatoa santuri. Nyimbo kumi, dakika zipatazo 35 zote kwa pamoja. Baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ukumbi wenyewe ulibomolewa mwaka 1973, kwa hiyo anayetaka kuingia Regal leo mlango uliobaki ni huo wa santuri.

Dakika 35, jamani. Sisi tulikaa kuanzia alasiri mpaka mbu wakaanza zamu yao, na naapa wapo waliotoka bila kusikia wimbo hata mmoja.

Kwanza Fundi. Fundi wetu ni fundi redio kweli, wa wale waliofunga kibanda baada ya watu kuanza kusikiliza kila kitu kwenye simu, na hasira hiyo huja nayo kwenye vikao. Alifika na amplifaya yake chini ya kwapa, kwa sababu yangu haiamini. Akafungua spika zangu kwa nyuma bila kuniomba ruhusa, akachungulia, akaguna, akafunga. Ule mguno sijaupatia maelezo mpaka leo. Halafu ukaja mjadala wa besi. Fundi akasema imezidi. Katibu akasema besi haijazidi, sikio la Fundi ndilo limepungua. Mwenyekiti akaomba utulivu, na baada ya kuupata akasinzia.

Wimbo wa kwanza, "Every Day I Have the Blues", unakwenda mbio na haufiki dakika tatu. Ulianza na kuisha Katibu akiwa bado anasoma waliohudhuria na wenye udhuru. Ikabidi sindano irudishwe. Iliporudishwa, akaingia mpwa wangu, kijana wa chuo, akasimama mlangoni na simu yake, akasikiliza kidogo, akasema, "Anko, huyu mzee anapiga kama John Mayer." Ni sawa na kumwambia babu amefanana na mjukuu wake. Nilimpa bagia mbili aende zake, lakini Mwalimu alikuwa ameshapata sababu ya kusimama.

Mwalimu ni mstaafu. Santuri ilikuwa yake, kaja nayo imefungwa kwenye khanga, na mwenye santuri ana haki ya kutoa utangulizi. Shida ni kwamba utangulizi wake huanza muziki ukishaanza. Tukaingia wimbo wa pili, gitaa likaanza kulia kwa namna ambayo binadamu mwenye adabu hunyamaza, na Mwalimu akatupeleka Twist, Arkansas, majira ya baridi ya mwaka 1949. Ukumbi wa dansi ulikuwa ukipashwa joto kwa pipa la mafuta ya taa yanayowaka. Wanaume wawili wakapigana, pipa likapinduka, moto ukatanda. King akakimbia nje na wenzake, akakumbuka gitaa lake, akarudi ndani ya moto kulichukua. Kesho yake akaambiwa ugomvi ulikuwa wa kumgombea mwanamke aitwaye Lucille, akalipa gitaa jina hilo, na yaliyofuata yote yakaitwa Lucille, ili akumbuke asirudie upumbavu ule.

Kisa kizuri, na cha kweli. Lakini tumekisikia kila linapotajwa gitaa, hata la Eric Clapton, na kila mara Mwalimu huusimamisha moto kwa dakika nzima ili tuone ndimi zake. Wakati huo Lucille mwenyewe yuko kwenye spika anaongea, hasikilizwi.

Na anaongea hasa. King hachezi noti nyingi. Anatoa moja, anaishikilia, kidole cha mkono wa kushoto kinautikisa uzi mpaka noti inatetemeka. Asili ya mtetemo ule ni kushindwa: Bukka White, binamu ya mama yake, alikuwa hodari wa kutelezesha chuma kwenye nyuzi, na kijana Riley King, huyuhuyu B.B., alipojaribu kumwiga vidole vikagoma, akaamua kuisaka sauti ileile kwa kutikisa. Nilitaka kulisema hilo kikaoni. Nikaambiwa nisubiri mengineyo.

Wimbo wa tatu ulipoanza, Fundi akatangaza kwamba anakata alama. Kwa nini? Kwa sababu mtu huyu haimbi na kupiga kwa wakati mmoja. Akiimba, gitaa kimya. Gitaa likianza, yeye anafunga mdomo. "Analipwa kwa kazi mbili," Fundi akasema, "anafanya mojamoja." Akaongeza kwamba King mwenyewe alikiri hadharani kuwa kupiga kodi si fani yake. Mtunza Hazina, aliposikia neno kukiri, akaandika haraka.

Hapo nilisahau kwamba mimi ni mjumbe wa kawaida. Nikamwambia, Bwana Fundi, huo ndio utamu wenyewe! Sauti inasema, gitaa linajibu. Akimaliza mstari, pale unapotegemea kibwagizo, Lucille ndiye anakipokea, na mara nyingine anambishia. Wewe umekulia kwenye muziki wa dansi, umemsikia Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz. Solo lilipokuwa linamjibu mwimbaji uliwahi kudai chenji? Fundi akasema Mbaraka ni suala jingine. Kwa Fundi kila anayempenda ni suala jingine.

Kumtaja Mbaraka lilikuwa kosa la kiutaratibu, maana kulifungua mlango wa Kongo, na mlango wa Kongo ukifunguliwa kwenye kikao cha wanaume wa rika letu haufungiki. Septemba 1974, King alikwenda Kinshasa kwenye tamasha la siku tatu lililoandaliwa kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba, muziki ukaendelea kama ulivyopangwa. James Brown alikuwapo, Miriam Makeba alikuwapo, Franco na TPOK Jazz walikuwapo, Tabu Ley alikuwapo. Na kwa mujibu wa kikao chetu, mjomba wa kila mmoja wetu pia alikuwapo. Mjomba wa Katibu alimshika King mkono. Mjomba wa Mtunza Hazina alimshikia gitaa. Nikiwajumlisha wajomba wote niliowahi kusimuliwa katika mji huu, sielewi wenyeji wa Kinshasa walikaa wapi.

Katikati ya wajomba hao ndipo uliposikika "How Blue Can You Get?", na ndipo mke wangu alipoingia kukusanya vikombe.

Kwenye wimbo huo mwanamume anamlalamikia mwanamke. Anaorodhesha alivyompa, kimoja baada ya kingine, na jinsi kila kimoja kilivyopokewa kwa dharau. Orodha inapanda, bendi inasimama na kumwachia nafasi, na ukumbi wa Regal unazidi kuchemka mpaka kwenye kipigo cha mwisho, ambapo wanawake wa Chicago wanapiga ukelele ambao nadhani ndio uliomaliza ubishi wote kuhusu rekodi hii. Mke wangu alisimama na sinia mkononi, kichwa kimeinama upande. Kiingereza anakijua kuliko Katibu. Ukelele ulipolipuka Chicago, na yeye akalipuka kwa kicheko sebuleni Sinza, palepale, bila kuchelewa.

"Mh! Baba huyu!" akasema. "Kwani alimpa au alimkopesha?"

Akachukua vikombe, akaenda.

Kati ya watu wote waliokuwa ndani ya nyumba yangu, ni yeye peke yake aliyekuwa ameingia Regal. Waliojaa ukumbini usiku ule wengi wao walikuwa wametoka Mississippi na majimbo jirani, wao au wazazi wao, wameacha mashamba ya pamba wakafuata kazi za viwanda kaskazini. King naye katokea hukohuko, kazaliwa mwaka 1925 karibu na Itta Bena, kachuma pamba, kaendesha trekta. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kitu. Akisita, wanajua anasita kwa nini. Akivuta uzi, mtu huko nyuma anaitikia kabla noti haijaisha. Katika "Worry, Worry", wenye dakika zaidi ya sita, anaacha kuimba kabisa na kuanza kuwausia kinamama na kinababa mambo ya ndani, na unasikia watu wanavyokubali na kukataa. Ukiwaondoa hao kwenye rekodi, unabaki na bendi nzuri ya mpiga gitaa hodari, na za namna hiyo zipo nyingi.

Kwenye fomu ya Mtunza Hazina, hadhira haina kipengele. Niliuliza. Akasema waliolipa kiingilio si wanamuziki. Nikapendekeza basi walau maoni ya mke wangu yaingizwe kwenye kumbukumbu. Katibu akafungua katiba (tunayo, kurasa nne) akasoma kwamba asiye mwanachama hana kura, ila anaweza kukaribishwa kama mgeni mwalikwa, kwa barua. Nikaenda jikoni kumuuliza kama angependa kuandikiwa barua ili akae sebuleni kwake. Jibu lake halikuingia kwenye kumbukumbu pia.

Wimbo wa kumi, "Help the Poor", ulituamsha kidogo, Mwenyekiti akiwemo. Mapigo yake yana harufu ya Kilatini, na sisi watoto wa rumba harufu hiyo tunaitambua hata tukiwa usingizini. Mwalimu akaanza kutikisa bega. Fundi naye mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu. Nilimwona, akaona kwamba nimemwona, akausimamisha.

Kisha fomu zikakusanywa. Mwalimu alitoa tisa. Mimi tisa na nusu. Ile nusu niliikata ili nionekane na mimi ni mchambuzi. Katibu alitoa saba, kama anavyotoa saba kwa kila kitu tangu kundi lianzishwe. Mtunza Hazina sita, kwa hoja kwamba albamu ya dakika 35 ni fupi ukilinganisha na bei ya santuri. Mwenyekiti sita, ambazo kwa mtu aliyesikia wimbo mmoja na nusu ni ukarimu. Fundi nne na nusu, maelezo yameambatishwa. Jumla 42, gawanya kwa sita: saba kamili. Mtunza Hazina alifurahi sana kwamba hakuna desimali.

Saba! Mtu ambaye mwaka 1956 pekee inasemekana alipiga maonyesho 342, usiku huu mji huu, kesho mwingine, amepata alama ileile waliyopata vijana fulani wa mwezi uliopita ambao jina lao hata Katibu lilimshinda kuandika. Nilisema kwamba nakata rufaa. Nikaambiwa rufaa zinapokelewa na kamati ya rufaa, na kamati ya rufaa ni Fundi.

Mwezi ujao zamu ni yangu kuchagua. Nimechagua Robert Johnson, ile santuri ya mwaka 1961 iliyokusanya nyimbo alizorekodi Texas mwaka 1936 na 1937: mtu mmoja, gitaa moja, anaimba na kupiga kwa pamoja ili Fundi asipate pa kuchomekea. Jana kanipigia simu kuuliza mpiga ngoma ni nani. Nikamwambia hakuna mpiga ngoma. Nikasikia kalamu inaandika.