Barua ya Wazi kwa Msambazaji Wetu wa Vitabu

Kivukoni,
Bonde la Kilombero.

Kwa Meneja Mauzo,
Ghala la Vitabu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VITABU 200 AMBAVYO HAVIKUUZWA WALA HAVIKUBAKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunakupongeza kwa taarifa ya mauzo uliyotutumia. Kwenye safu ya vilivyopokelewa umeandika 200. Vilivyouzwa, 0. Vilivyobaki stoo, 0. Chini kuna saini mbili na muhuri uliokolea wino. Sisi wa huku, tuliozoea hesabu za debe na gunia, tumekubali kwamba mjini kuna elimu ambayo haijatufikia. Tatizo ni mwandishi wetu. Ana mpwa wake Kariakoo, aliyekiona kitabu chake kimepangwa juu ya turubai kando ya barabara, kikiwa na stika ya bei ya ghala lako. Sasa mzee anauliza mrabaha wake. Tumjibu nini, kwamba mpwa wake ameona mzimu?

Tunaomba pia kukushukuru kwa kutulea kwa mali kauli. Kitabu kinauzwa shilingi 10,000. Wewe na maduka mnachukua 4,000, mwandishi 1,000, na 5,000 iliyobaki ni yetu: humo tumlipe mhariri, mchoraji, kiwanda cha uchapaji na nauli ya boksi kwenye basi. Kiwanda cha uchapaji hakitaki kusikia habari za mali kauli. Bila malipo ya awali mashine haiwashwi. Kwa hiyo tunakopa VICOBA. Kina mama wauza perege na kambale wanatoa hisa zao, tunachapa, tunakuletea, nawe unakaa na fedha hadi mhasibu arudi likizo. Kina mama wameniomba nikufikishie salamu. Hawakujua kwamba wana mteja mkubwa Dar es Salaam anayekopa kwao bila riba, bila mdhamini na bila kuhudhuria kikao.

Kuhusu boksi la marejesho ya kitabu chetu cha kwanza: ulituandikia kuwa limechelewa kwa sababu limekwama kwenye pantoni. Barua hiyo ilitutia wasiwasi, maana hapa pantoni imebaki kwenye masimulizi. Siku hizi tunavuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na kwa miguu hata mtoto wa chekechea analimaliza. Baada ya simu nyingi tukaelewa. Karani wako alilipeleka Kivukoni ya Dar es Salaam, jirani na soko la samaki, ambako pantoni ya Kigamboni ipo kweli. Hatumlaumu, Kivukoni ni Kivukoni. Tulichoshindwa kuelewa ni ankara iliyofuata, iliyotutoza nauli ya kupitia Morogoro, Mikumi na Kidatu. Boksi lilipofika, kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu na pembe za majalada zimetafunwa. Ndani mlikuwa na ankara nyingine: gharama za kuhifadhi.

Unatuambia soko ni gumu. Tunakubali. Vitabu vya kiada vimerudi Taasisi ya Elimu Tanzania, na sisi tumebaki na hadithi, ambazo hazina mwalimu wa kumwambia mtoto akanunue. Tunajua pia kwamba hukuanza wewe. Tanzania Elimu Supplies, shirika la umma, lilipokuwa likisambaza vitabu vya shule, mchapishaji alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Mwandishi Elvis Musiba akajifungulia Continental Publishers, mwandishi mwenzake Ben Mtobwa akajifungulia Heko. Miaka ya 1990 tukatangaziwa soko huria, na sasa tunabisha mlango wako.

Unasema pia kwamba bonde letu liko mbali. Mbona malori ya mchele yanakuja na kurudi? Reli ya TAZARA imepita Ifakara tangu miaka ya 1970. Soda iko hadi Malinyi. Njoo basi msimu wa mavuno, usimame kwenye mashine ya kukoboa pale Lupiro, uwaombe wakulima magunia 200 kwa mali kauli: utalipa yakishauzwa, yasiyouzwa utayarudisha yameliwa na panya, na gharama za kuhifadhi watalipa wao. Utasindikizwa hadi darajani, tena kwa heshima.

Kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba yafuatayo:

1. Vilivyouzwa, vilipiwe.
2. Vilivyobaki, virudishwe vikavu.
3. Vilivyopotea, vitajwe kuwa vimepotea, ili na sisi tujue la kumwambia mzee.

Hadi hayo yatekelezwe, kitabu chetu kipya kitauzwa mnadani na stendi ya Ifakara, fedha mkononi. Ukikihitaji, unakaribishwa kununua kama mteja mwingine yeyote. Punguzo lipo, kwa anayelipa papo hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchapishaji, Kivukoni (siyo ile ya pantoni).

Nakala:
– Mhasibu wako, akirudi likizo.
– Mwenyekiti wa VICOBA, ambaye anaomba namba yako ya simu.